Bi. Zilpah Nyatichi Anastaafu, Sasa Ana Ruhusa ya Kuimba

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwapiga watu picha ambazo ndani yake hakuna aliyetabasamu, Bi. Zilpah Nyatichi anatuaga rasmi Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Sherehe itaanza saa sita kamili. Jua likikaribia kuzama na Sabato yake kuanza, yeye ataondoka, keki iwe imekatwa au la.

Alianzia Migori kwenye chumba cha eksirei, kisha akaletwa kliniki yetu ya Homa Bay pamoja na mashine mpya ya ultrasaundi. Aliyethubutu kuweka kikombe cha chai juu ya mashine hiyo alijuta kuzaliwa. Mimi nilijuta mara mbili.

Miaka mitatu iliyopita tulijiunga na utafiti wa tiba ya jeni. Wagonjwa thelathini na wanane wenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni walidungwa sindano: nusu walipata jeni ya kuuhimiza mwili uchipushe mishipa mipya, nusu maji ya chumvi tu. Nani kapata nini, ilikuwa siri. Kazi ya Zilpah ilikuwa kutazama kwenye skrini kama damu inapita, kisha anyamaze. Anyamaze! Hapo ndipo tulipoponzwa.

Zilpah ni mtu wa kwaya. Akiona damu inakimbia vizuri, wimbo wa kanisani humponyoka bila yeye kujua. Wagonjwa waligundua kabla yetu. Kina mama wa Lambwe wakawa wanaulizana kwenye benchi nani ameimbiwa, na asiyeimbiwa alirudi nyumbani akaanza kuwagawia wanawe mbuzi. Daktari Mokua, msimamizi wa utafiti, akaona mambo yanaharibika, akaamuru Zilpah apime akiwa na maji mdomoni. Wagonjwa wakahamia kuutazama mguu wake, jinsi unavyogonga sakafu. Tukamvua viatu.

Aliyetutia jasho ni Mzee Gordon, mfuma nyavu wa Mbita. Mguu wake wa kushoto ulikuwa baridi, haumpi usingizi, na siku ya kuukata ilishapangwa, isipokuwa kipimo cha mwisho kionyeshe damu ikifika kwenye wayo. Hakuwahi kuimbiwa hata mara moja. Akaapa kwamba huyu mama ataimba, apende asipende. Kwa kuwa wote walishauriwa kutembea, akawa anavuka daraja la Rusinga na kurudi kila asubuhi, akisimama maumivu yakimbana na kuendelea yakipoa.

Siku ya kipimo, skrini ilikuwa giza kuanzia goti kwenda chini. Zilpah alitafuta saa nzima, mashavu yamejaa. Mokua akamwambia basi, inatosha. Zilpah akatikisa kichwa, akaendelea kutafuta. Nyuma ya kifundo ukaonekana uzi mwekundu, kisha wa pili. Maji yote yaliishia kwenye tai ya Mokua, na wimbo ukasikika mpaka getini. Mzee Gordon alilia, na sisi wa mapokezi tukalia naye bila aibu.

Mwezi uliopita siri ilifunguliwa. Wengi waliopata jeni wana nafuu, tunashukuru. Mzee Gordon alikuwa amedungwa maji ya chumvi. Mishipa yake aliichipusha mwenyewe, kwa kutembea, ili aimbiwe tu. Mokua anasema atalieleza kwenye ripoti, ila hajui aanzie wapi.

Dada Zilpah, asante kwa kila mguu uliouchunguza kwa subira. Tulikuandalia gari la kukufikisha stendi, lakini Mzee Gordon amelikataa kwa niaba yako. Anasema atakusindikiza kwa miguu yake yote miwili. Tunakuombea ustaafu wenye raha, na viatu imara.