Ukumbi Unaopikiwa

Basi la Apia lilikuwa limejaa, kwa hiyo Leutu, karani wa wizarani, akapakatwa na mama asiyemjua, Fa'asaina, kama ilivyo desturi ya mabasi ya Samoa. Kwenye kiti cha nyuma yao fundi Penitala, anayejenga kijijini kwa Fa'asaina, alikumbatia msumeno wake. Fa'asaina alijua yupo, wala hakupunguza sauti.

"Kijijini tuna mradi wa ukumbi wa kanisa. Mwaka wa sita sasa, na mafundi tunawapikia kila siku."

"Utaisha lini?"

"Mungu ndiye ajuaye, mwanangu."

"Basi huo si mradi, mama. Mradi una siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Huo wenu ni ndoa."

"Ndoa yangu haikunimalizia nguruwe hivi. Lakini mchoro tunao, kamati tunayo."

"Na siku ya kuacha kupika, mnayo?"

Fa'asaina akacheka peke yake, kicheko kirefu.

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Penitala akashuka na msumeno wake, akiwa ameazimia kumaliza paa wiki hiyohiyo. Mlangoni akapokewa na harufu ya nguruwe tanurini. Akalitazama dirisha la upande wa bahari, akaliona limekaa kombo kidogo. Itabidi libomolewe.