Bwana Bado na Mshale Wake

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne, opereta wetu wa chumba cha udhibiti, maarufu kama Bwana Bado, anastaafu. Mliokuwa mkimsubiri aunganishe jenereta, sasa mnaweza kwenda kula.

Kwa wasioijua kazi yake: jenereta haiunganishwi na gridi, mtandao wa umeme wa nchi, hivi hivi. Kwanza mwendo wake na volti zake vilingane na vya gridi. Kuna kipimo chenye mshale unaozunguka. Mshale ukikaribia juu kabisa, polepole, ndipo swichi hufungwa, yaani jenereta inaunganishwa. Ukikosea, gridi inaukamata mtambo mzima na kuutikisa hadi kwenye msingi.

Sisi wengine mshale ukipita juu mara mbili, tunafunga. Yeye, bado. Unakwenda mbio, bado. Umetulia, anafuta miwani, bado. Mkewe anasema hata chai nyumbani kwao haimiminwi mpaka mzee aridhike. Tumemcheka miaka yote, na kusema kweli alijitakia.

Miaka tisa iliyopita meneja wetu, mtu anayeipenda saa yake kuliko mitambo, alileta wageni waone jenereta namba tatu ikiunganishwa. Bwana Bado alisema bado mara saba. Meneja, uso umemvimba, akamwondoa kitini na kumwamuru msaidizi wa mzee afunge swichi. Msaidizi akafunga, mshale ukiwa bado ubavuni mwa kipimo. Jengo lilitetemeka, vioo vikapasuka, na wageni wakatimua mbio, meneja akiwaongoza. Jenereta ililala miezi mitano.

Ripoti ya meneja ilisema: kosa la opereta. Ukuu wa zamu, ambao Bwana Bado alikuwa aupate mwezi uleule, akapewa msaidizi. Mzee hakugombana na mtu. Kesho yake alikuja kazini, akafuta miwani, akakaa mbele ya kipimo chake.

Msaidizi huyo ni mimi. Kila mwaka nilipotaka kusema ukweli nilijiambia bado, na mimi sikuwa na mshale wowote wa kusingizia.

Maelezo yangu yenye sahihi yako mezani kwa meneja tangu asubuhi. Nakala yake ndiyo hii mnayoisoma.

Asante, kaka, na unisamehe. Staafu salama, uzeeke na afya yako, na chai uinywe ikiwa bado ya moto.