Chumba cha Mke Mwenzangu na Glasi Mbili

Mwaka ule wa korona misikiti ilifungwa na soko likafunguliwa kwa zamu, lakini benchi la kona yetu hapa Kaolack, Senegali, halikufungwa hata siku moja. Liko kando ya meza yangu ya karanga, mbele ya duka la dawa za mifugo la Birane, tunayemwita Daktari ingawa hajawahi kutibu kiumbe asiye na mkia. Hukaa naye Milano, aliyeuza mikanda Italia miaka kumi na moja akarudi na koti la baridi, na Redio, dereva mstaafu, anayejua habari kabla hazijatokea. Birika la ataya, chai yetu ya kijani, huchemka juu ya mkaa, mizunguko mitatu, wa kwanza mchungu, wa tatu sukari tupu, na glasi mbili ndogo hutembea mkono kwa mkono. Siku ile nilikuwa na shida. Mke mwenzangu Nyilane, aliyelazwa siku ishirini na mbili kwa pumu, alikuwa anarudi alasiri. Muuguzi alipiga simu: chumba kisafishwe kwa dawa ya kuua virusi, kifua kile hakiwezi vita vingine. Nilishakisugua kwa sabuni tangu alfajiri. Nikanunua na javeli, yale maji ya kung'arishia nguo nyeupe, chupa nzima yenye karatasi yake. Ila kusoma sijui. Nikaibeba hadi benchini.

— Niambieni naitumiaje. Miaka thelathini na minane nimegombana na mwanamke huyu mbele za watu. Akifa sasa, nani ataamini ni korona?

— Hata mimi sitaamini, Bibi Kodu, akasema Redio.

— Wewe nyamaza. Milano, shika hii chupa. Wewe umetembea.

Milano akaishika, akaigeuza geuza kama anayenunua tikiti maji.

— Javeli ya huku ni maji tu, Bibi. Italia wanapita na lori, wanapiga dawa barabara nzima, mpaka njiwa wanapiga chafya.

— Nyilane halali barabarani. Nataka ya chumba.

— Choma ubani, akasema Redio. — Jana nimesikia, kirusi hastahimili harufu ya bi harusi. Akikutana nayo mlangoni anageuka.

— Kwa hiyo kirusi ni mwanamume?

— Angekuwa mwanamke angekaa ndani mpaka amjue bi harusi ni binti wa nani.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mwenye pumu umfukizie ubani chumba kizima, si bora umkabe kwa mikono uokoe ubani?

Daktari akamimina mzunguko wa pili, akampa Redio glasi moja, nyingine akanywa yeye kwa mvuto mrefu wa kelele, akaisuuza kwenye kopo, akampa Milano.

— Bibi, mimi nina dawa ya kuogeshea kondoo. Kupe akiiona anaandika wosia.

— Nyilane ana kupe?

— Sumu ni sumu.

— Ndiyo maana nakuuliza wewe kuhusu kondoo, sikuulizi kuhusu watu.

— Basi sikiliza sayansi, akasema, na sauti yake ikapanda mimbari. — Javeli peke yake ni askari mmoja. Tia siki, wawili. Kamulia ndimu, watatu. Kirusi atakimbilia wapi?

— Hapo umenena! akasema Redio. — Hiyo hata redioni hawajaifikia.

Kabla sijasema neno, Milano alishakimbia kwa muuza saladi akarudi na siki. Wakamimina javeli robo chupa, yangu niliyonunua mimi, ndani ya beseni, wakatia na siki. Nikaona kama povu, kisha ikaja harufu iliyonishika kooni kama mdai. Macho yakawaka. Tulikimbia wote, mimi na magoti yangu haya nikampita Milano, tukasimama ng'ambo ya barabara tukikohoa na kulia. Bahati tulikuwa nje. Ingekuwa ndani ya chumba cha Nyilane, wangetutoa tumefunikwa shuka.

Upepo ulipokwisha kuitawanya, Daktari alirudi taratibu, akamimina mzunguko wa tatu ili makoo yapone. Ndipo teksi ikasimama. Nyilane, na barakoa yake, akashusha kioo nusu.

— Nani kafa?

— Hakuna, nikasema.

— Mbona mnalia?

Redio, asiyeweza kufunga mdomo hata kwa dakika, akamweleza yote. Nyilane akamtazama Milano.

— Hiyo chupa mkononi mwako ina maandishi?

— Ina.

— Unajua kusoma?

— Najua.

— Soma.

Akasoma. Usichanganye na siki wala dawa nyingine. Fungua madirisha. Tia katika maji baridi, kipimo hiki. Sehemu iwe imeoshwa kwanza, paka, acha dakika kumi, kisha suuza. Yote yalikuwa kiganjani mwake tangu mzunguko wa kwanza.

— Na hizo glasi mbili, Nyilane akauliza, mnaziosha kwa kitu gani?

Redio akatazama birika. Daktari akatazama kopo la kusuuzia, ambalo maji yake yalikuwa na rangi ya ataya tangu saa saba. Milano, glasi ikiwa mdomoni, hakujua ameze au ateme.

Niliwaacha hapo, nikachukua chupa na kipimo. Nikafungua madirisha, nikapaka kitanda, kitasa, swichi ya taa, nikahesabu dakika zangu, nikasuuza, nikasubiri harufu iishe kabisa. Nyilane alikaa nje kwenye kigoda changu muda wote huo. Nilipotoka kumwita, wale watatu walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kikombe chake kutoka nyumbani, na glasi mbili zinachemka ndani ya sufuria ya sabuni.

Nyilane akaingia. Akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, akakitazama kwenye mwanga.

— Hapa hujafuta, Kodu.

Mwanamke kapona kabisa. Nikarudi na kitambaa, nikimtukana.