Veneranda Hakunyimwa Chakula

Ndugu Katibu Tarafa, mgeni wetu wa heshima; Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji; Mchungaji na Padri, ambao leo nafurahi kuwaona mmekaa benchi moja; Mama Gangaben, uliyefunga duka lako Urambo ili uwe nasi; wazee wetu mliotoka mbali, Ziba, na hasa wewe Mjomba Raymundi, shikamoo; akina mama wenzangu; na ninyi wengine wote mliokuja kwa sababu mmesikia harufu ya pilau: mwangaluka, na karibuni sana katika uwanja huu wa soko letu la tumbaku.

Wageni, mimi naitwa Koleta, mwenyekiti wa akina mama wa kijiji hiki cha ujamaa. Lakini leo cheo hicho nimekiacha nyumbani. Nimesimama hapa kama wifi. Huyu tunayemuaga, Veneranda, ni mke wa mdogo wangu Silasi, na jioni ya leo, Mungu akipenda na wazee wa Ziba wakipenda, anapanda treni kwenda Dar es Salaam kuutupia mkoa wetu tufe katika mashindano ya taifa.

Nimesema wazee wa Ziba wakipenda, kwa sababu mpaka dakika hii hawajasema kama wamependa. Veneranda alifiwa na baba yake akiwa mdogo, na Mjomba Raymundi ndiye aliyemlea na ndiye aliyemwozesha. Kati yake na Silasi kuna shauri ambalo halijaisha, nitawaeleza, na Silasi amekataa katakata kumpandisha mkewe treni kabla halijaisha. Mjomba ameahidi kutoa neno lake hapa, mbele yetu sote. Akisema ndiyo, Veneranda anakwenda Dar es Salaam. Akisema hapana, anakwenda Ziba na masanduku yake, na mdogo wangu anabaki na nyumba tupu. Kwa hiyo kazi yangu ni kusema mpaka mzee awe tayari, na ninyi mnanijua, kusema hakujawahi kunishinda.

Ndugu wageni waalikwa, Veneranda alipoolewa hapa alikuwa, nisemeje mbele ya watu wa dini, alikuwa amejaa. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Na sisi upande wa mume hatukutaka kuonekana wachoyo, tukaongeza pale walipoishia Ziba: ugali mkubwa kama kilima na samli juu yake, michembe ya viazi vitamu na karanga asubuhi na jioni, chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Msimu wa kwanza wa soko, huyu Twalibu, karani wetu wa mizani, ambaye mdomo wake mnaufahamu, alimwita bibi harusi apande kwenye mizani ya tumbaku baada ya robota la mwisho. Akatangaza kwa sauti ya mnadani: kilo themanini na nne! Soko zima lilishangilia. Silasi alitembea kifua mbele wiki nzima, na habari ikafika Ziba kabla ya basi.

Lakini nani kati yetu alimuuliza mwenye mwili? Mimi nilimuuliza baadaye sana, siku nilipomkuta amekaa njiani, nusu ya safari ya kwenda banini tunakokaushia tumbaku, mzigo wa majani pembeni, analia. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, magoti yanawaka, pumzi haipatikani. Aliniambia, wifi, nanenepa na nguvu zinaondoka. Nilimshika mkono, tukaenda zahanati.

Nesi Apolinaria, simama watu wakuone. Huyu mama alimpima, akamwambia wazi kwamba mafuta yamezidi na misuli haitoshi, kwa hiyo mafuta yapungue na misuli iongezwe. Mwanamke wetu akashika nusu ya kwanza tu. Akaacha kula. Uji mwepesi asubuhi, mlenda mtupu jioni, mpaka siku moja akaanguka shambani na jembe mkononi. Nesi alikasirika, na akikasirika hata wagonjwa wa kitandani hukaa sawa. Alimwambia kuwa kwa njaa ile alikuwa anaila misuli yake mwenyewe. Akampa mpango: ugali upungue, sukari karibu iishe, samli kidogo; maharage, mayai, mtindi na samaki viongezeke. Halafu anyanyue vitu vizito, kila juma kidogo zaidi, na akishanyanyua apumzike na alale vizuri, ili mwili upate nafasi ya kujijenga.

Vitu vizito gani? Hapo ndipo Mama Gangaben alipoingia. Mnakumbuka serikali ilipotuletea kilo, mawe ya mizani ya ratili yakakosa kazi. Mama Gangaben alikuwa nayo sanduku zima nyuma ya duka, hana pa kuyapeleka. Akampa yote, na juu yake akamfundisha kupika dengu, tena bila kumwaga mafuta. Silasi akachonga mti wa mninga, akayafunga mawe huku na huku. Mkewe akaanza kuunyanyua ule mti uani: kutoka chini mpaka kiunoni, kutoka mabegani mpaka juu, kuchuchumaa nao na kuinuka. Mwanzo alinyanyua mti mtupu na bado akapepesuka. Mimi nilikuwa nakaa pale na ungo wangu, nachambua maharage na kumcheka. Baada ya miezi kadhaa niliacha kucheka nikaomba zamu.

Samaki, migebuka, walishuka na treni ya Kigoma, mayai yalitoka kwa kuku wake, na mwili ukaanza kubadilika. Gauni lake la harusi likawa linapwaya kiunoni na kubana mabegani. Magoti yakanyamaza. Akawa anafika banini na mzigo wake, anarudi kuchukua wa kwangu.

Sasa, ndugu zangu, mnadhani watu walifurahi? Thubutu. Kisimani walisema ana mikono ya mgambo. Wakasema hatazaa, wakasema atageuka mwanaume, na wengine, nawaona mmeinama, mlisema Silasi anafungia unga kabatini. Na kwetu mke akikonda, swali la kwanza huwa mume amemfanya nini. Habari zikakimbia mpaka Ziba, na siku ya soko Mjomba Raymundi akaingia uwanja huu huu na wazee wanne.

Mjomba, uniwie radhi, wifi hana adabu. Ulimzunguka mwanao vile unavyozunguka ng'ombe mnadani, ukamtazama kiuno, ukamtazama mashavu. Ukasema ulitoa mtu mzima na sasa unaonyeshwa nusu. Ukamwambia afunge mizigo, arudi nyumbani akalishwe, na kama atarejea kwa mumewe ama la, wazee watakaa. Silasi alikuwa anakunjakunja kofia yake mikononi. Nilimwonea huruma, ni mdogo wangu, lakini pia nilitamani kumpiga kofi aseme.

Aliyesema ni Veneranda. Alimwamkia mjomba wake kwa magoti yote mawili, akainuka bila kushika chini, akamwomba Twalibu ampime. Mjomba akakubali upesi, maana mizani haina ukwe na mtu. Twalibu akasogeza jiwe, akasogeza tena, akajikuna kichwa. Kilo themanini na tano.

Mjomba akasema mizani imeharibika. Tukaleta robota lililokwisha kupimwa, likatoa uzito ule ule. Mjomba akapanda mwenyewe, akashuka bila kutuambia amepata ngapi. Ndipo Veneranda akasema maneno ambayo nimeyashika kama yalivyo:

"Mjomba, sijanyimwa chakula. Hapa nashiba kuliko mtu yeyote sokoni. Kilichoondoka ni mafuta, na kilichokuja mahali pake ni misuli, nimeitafuta mimi mwenyewe kwa jasho langu. Mume wangu hana kosa."

Kisha akalipiga lile robota begani, akatembea nalo mpaka kwenye lori, akarudi na pumzi zake. Nawaambia, nililia hadharani, na wala sikujali nani ananiona.

Mzee alisema atalipeleka shauri Ziba, akaondoka. Mavuno yakapita, Saba Saba ikafika, michezo ya tarafa ikachezwa hapa, akina mama wakaitwa kutupa tufe, na huyu wifi yangu akalitupa mbali hata waliokuwa wanashika kamba ya kupimia wakalazimika kuunga kamba ya pili. Mkoa ukamchagua. Na Ziba bado kimya.

Ndugu Katibu Tarafa, tunaambiwa kila siku kwamba nchi hii itajengwa kwa nguvu zetu wenyewe. Sawa, na nguvu za mwanamke zitakaa wapi, kama si mwilini mwake? Bibi zetu wa Unyamwezi walipoipita njia hii hii na misafara, vyungu na watoto mgongoni, mpaka pwani, nani aliwaambia misuli haiwapendezi? Mtazameni Veneranda, amevaa kanga yake, amesuka nywele zake, anacheka. Ni mwanamke kama jana, ila sasa goti halimuumi. Nani kati yetu amepungukiwa kwa hilo? Silasi, umepungukiwa? Anatikisa kichwa, haya, andikeni hivyo.

Sasa mjomba, nakuona umeshika fimbo. Unasimama. Ninyi watoto, mpisheni mzee. Karibu, baba, sema kwa nafasi yako, mimi nanyamaza.

Ndugu zangu wa huko nyuma, mzee anasema kwa sauti ya chini. Ngojeni niwafikishie kama alivyosema. Amesema hivi: "Aende. Silasi hana shauri na mimi tena. Lakini akitoka huko Dar es Salaam, apitie kwangu Ziba kabla ya kurudi kwa mumewe. Mama yake, dada yangu, hakuja leo kwa sababu hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mikono yote miwili. Sisi ndio tuliomlisha mpaka mwili ukamlemea, na tulijisifu. Namwomba mwanangu akamfundishe mama yake kusimama."

Acheni vigelegele kidogo, nimalize. Na mimi mwenyewe nilikuwa na ukurasa mzima wa shukrani kwa kila mtu kwa jina, lakini macho yamejaa na siuoni. Nesi, Mama Gangaben, Twalibu, Silasi mdogo wangu, mnajijua, Mungu awabariki. Mjomba, nakupigia magoti, na haya ni magoti ya wifi mkorofi. Veneranda, katupe. Ukishinda tutashangilia, usiposhinda tutashangilia vile vile, kisha panda treni urudi, mama yako anakungoja kitini.

Kwa kunivumilia muda wote huu, nawashukuru sana. Pilau iko tayari.