Kikombe kwa Gunia

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Mimi ndiye ninayelifuta vumbi kila asubuhi, ingawa wanaolikalia wanadhani linajifuta. Mwenye birika la kahawa ni Betri, anayechaji betri za magari mlango wa pili. Mheshimiwa alikuwa karani wa mahakama. Alistaafu kazi, hakustaafu kuhukumu. Kambale ana mabwawa matatu ya samaki nyuma ya kiwanda cha matofali. Siku hiyo hatujamaliza kikombe cha kwanza, akatokea Mama Vifaranga, macho mekundu, chupa kubwa kwapani. Mwaka huu aliachishwa kazi ya kufua hotelini, na vifaranga mia mbili aliowaweka katika chumba cha uani ndio kazi yake sasa. Alikaa bila kusalimia, nikajua mambo si mazuri.

— Wamekufa tena? nikamuuliza.

— Kumi na mmoja, shemeji. Tangu jana tu.

— Kwa kuharisha?

— Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kuharisha kumekata kabisa, kinyesi kikavu. Lakini kufa ndiko kumezidi.

Kambale akashusha kikombe chake. Dawa ile ya kwenye chupa, yeye ndiye aliyemwelekeza Mama Vifaranga, tena kwa majivuno, hapahapa kijiweni.

— Haiwezekani, alisema. Mimi samaki wangu mwaka wa pili huu wanaila, na wamenona kama maharusi.

Betri akaichukua chupa, akaishika mbali na tumbo lake. Suruali zake zote zina matundu, anajua kwa nini.

— Jamani, hapa pameandikwa asidi! Dada yangu, umewanywesha watoto wa watu maji ya betri?

— Acha ushamba, Kambale akamkata. Tindikali zina koo zake. Hiyo yako inatoboa nguo. Hizi ni za kikaboni, ndugu zake ndimu, siki na maziwa mgando. Tumbo linachachuka kidogo, vijidudu vya kuharisha vinakosa raha. Halafu chakula chenyewe hakioti ukungu.

— Vikikosa raha vinakwenda wapi?

Swali zuri, lazima nikiri, ingawa limetoka kwa Betri. Kambale alikuna kidevu.

— Vinakufa.

— Na vile vidudu vizuri vya tumboni? Maana nasikia viko.

— Vile vimezoea uchachu.

— Umeviuliza?

Mheshimiwa alikwisha kuvaa miwani. Akaisoma ile karatasi ya chupa kama hati ya mashtaka, kidole chini ya kila neno.

— Asidi ya fomiki. Hii naifahamu. Ndiyo inayowasha ukiumwa na sisimizi.

— Yaani vifaranga wanakunywa sisimizi? Mama Vifaranga alishtuka.

— Kuku tangu lini akaogopa sisimizi? nilimwambia. Anawadonoa barazani kila siku bure.

— Msinikate, alisema Mheshimiwa. Mimi nimeona kesi nyingi. Ukimfukuza mpangaji bila notisi, anahamia chumba cha jirani. Vijidudu vimefukuzwa tumboni, vimepanda kichwani. Ndiyo maana kinyesi ni kikavu na kifaranga ni maiti.

— Aa, wapi! Kambale akadakia. Vidudu vimepanda ngazi gani?

— Shingo! Kazi yake nini?

Mama Vifaranga akasema polepole:

— Kwa kweli wanasinzia. Wamesimama tu, mabawa chini, midomo wazi.

— Mnaona? Mheshimiwa akajipiga paja. Kichwani!

Betri hakukubali. Alisema samaki wana bahati, wanajisuuza saa zote kwa kuwa wamo majini. Kuku hana pa kujisuuzia, uchachu unabaki naye. Kambale akamuuliza kama samaki hujisuuza utumbo, na kwa mkono gani. Betri akasema ndiyo sababu wana matundu mashavuni, maji yanapita humo yanasafisha hadi mkiani. Mheshimiwa, ambaye hapendi mwingine awe na nadharia kubwa kuliko yake, akatabiri kwamba kuku aliyelelewa kwa asidi tangu utotoni atachinjwa akiwa amekwisha kuungwa ndimu.

— Na mayai? nikauliza, maana na mimi nina ulimi.

— Yatatoka na achari yake.

Tulicheka mpaka Betri akamwaga kahawa. Mama Vifaranga hakucheka.

— Nyinyi chekeni, alisema. Mimi nimebakiwa na mia na thelathini. Wakiisha hawa sina pa kurudi, hotelini nafasi yangu ina mtu. Sikuja kusikia habari za achari. Niambieni mchana huu nifanye nini.

Niliona haya, na sikuwa peke yangu. Mheshimiwa ndiye aliyejibu kwanza, kama kawaida yake.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa vidudu viko mvunguni kabisa, na dawa yako haijainama. Unatia kiasi gani?

— Kikombe kimoja. Kama alivyosema Kambale.

— Basi tia viwili. Dawa ya moto ni moto.

— Huenda ikawa hivyo, alisema Kambale. Kuku ana damu moto, si kama samaki. Pengine kikombe hakimtoshi.

Betri alisitasita, kisha akasema viwili si vibaya. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubali, mtu ninayejua soli na gundi tu. Mama Vifaranga akainuka na chupa yake.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, mguu mmoja mtupu, anangoja nimshonee mkanda wa ndara. Muda wote alikuwa akitusikiliza.

— Samahanini, alisema. Wanakunywa?

— Nani?

— Hao vifaranga. Hayo maji ya dawa, wanayanywa?

Mheshimiwa alivua miwani. Sisi wengine tukamgeukia Kambale.

— Mimi sijui mambo ya maji, alisema Kambale. Mimi nanyunyizia kwenye chakula, kikombe kwa gunia zima. Nilikwambia, mama. Kikombe kwa gunia.

— Nilisikia. Lakini maji hayana gunia, nikatia kwenye ndoo. Kila ndoo kikombe. Niliona wadogo vile, maji ndiyo yatawawia rahisi.

Kisha akaendelea taratibu, kama anajihesabia mwenyewe.

— Juzi asubuhi nilijaza vyombo vyao. Jioni nikavikuta vimejaa. Jana vilevile. Nikamshukuru Mungu, nikasema wanangu wameshika adabu, siku hizi hawamwagi.

Kambale alimpokonya chupa, akataka kumimina tone kwenye kopo la maji nililolowekea ngozi, nikamzuia, akachukua kikombe safi, akachanganya na maji kwa kipimo kile cha ndoo, akagusisha ulimi. Uso wote ukakunjamana. Akatema pembeni, machozi yakimlengalenga.

— Mama, alisema. Kimbia.

Na alikimbia, umri ule, kiatu kimoja kikimtoka njiani asirudi kukiokota. Kambale alichukua dumu la maji ya kahawa la Betri bila kuomba, akamfuata mbio.

Tulibaki watatu na yule mgeni. Nilijifanya natafuta uzi. Mheshimiwa alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akakifunga bila methali.

— Kwa hiyo hawaumwi, alisema Betri. Wana kiu tu. Siku mbili wana kiu, na sisi tuko hapa tunakunywa.