Wasifu wa Mama Bucha, Muuza Nyama Asiyeonja Nyama

Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi si mtu wa maneno laini. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenichagua nisome, kwa hiyo lawama zote mpelekeeni yeye.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Julai 1980, kifungua mimba wa baba muuza nyama na mama mshonaji wa sare za shule. Tulizaliwa watatu: yeye, mimi wa katikati, na Kitindamimba wetu aliyefuata mwaka 1988. Tuliishi nyuma ya bucha, na nyama haikukosekana mezani. Lakini huyu mtoto aliikataa tangu alipoota meno. Baba aliona aibu. "Watu watasema nyama yangu mbovu, hata mwanangu haili!" Basi akawa analazimishwa. Alitafuna upande mmoja, akajifanya anameza, na kipande kikaishia mfukoni mwa gauni. Mama akifua nguo, alikuwa anaguna peke yake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1987. Shuleni walipikiwa maharage, na kila baada ya chakula cha mchana alilala fofofo juu ya dawati. Wenzake wakamwita Pono. Alirudia darasa mara kadhaa. Kuna siku aliamka anatapika, kichwa kinamgonga, anazungumza maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Walimu walisema ni mvivu, na sisi nyumbani tukasema anadeka.

Mwaka 1998 Kitindamimba, ambaye naye nyama alikuwa haipendi, alishikwa na homa. Homa ikaisha, lakini mtoto hakuamka. Pale hospitali, daktari wa watoto, mama mfupi mwenye sauti kubwa, alisoma majibu ya damu kisha akauliza, "Nyumbani kuna mwingine asiyependa nyama?" Mama aligeuka taratibu akamtazama dada. Alipopimwa, akakutwa na ugonjwa uleule. Ni ugonjwa adimu wa kurithi. Mwili unashindwa kutoa taka za protini, iwe ya nyama au ya maharage, na taka hizo zinakuwa sumu inayopanda kichwani. Baba na mama wote walikuwa wameubeba katika damu bila kujua. Mimi niliponea katikati, sijui kwa nini. Baba alikaa kwenye benchi la wodi akalia mbele za watu. "Nimekuwa nikimlisha mwanangu sumu!" Dada akamshika bega akamwambia, "Usilie, baba. Nyingi niliitia mfukoni."

Kitindamimba akaamka, na wote wawili wakaandikiwa dawa. Ni unga mweupe, unakorogwa kwenye maji na kunywewa pamoja na kila mlo, maisha yote. Hauuzwi bila cheti cha daktari, na ulikuwa unaagizwa kutoka mbali. Uchungu wake msiniulize. Siku moja nililamba ncha ya kijiko tu, mbio hadi kwenye mtungi wa maji! Na ukishaingia mwilini unatoka na jasho, mtu ananuka kama soksi za wiki nzima. Kitindamimba alikuwa anaficha mdomo, analia, anamwaga. Ndipo dada akaweka sheria ya nyumba: wa mwisho kumaliza anaosha vikombe. Yeye alibana pua, akamimina mara moja, akagonga kikombe mezani. Mdogo wake hakupata kushinda hata siku moja, ila alikunywa.

Pono alipoacha kusinzia, mkaona kumbe alikuwa nani. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2001, na hesabu akapasua vizuri kuliko mimi niliyekuwa macho miaka yote. Mwaka 2004 mgongo wa baba ulipochoka, akashika kisu na mizani, akawa Mama Bucha wenu. Siku moja mteja alikunja uso, akasema nyama inanuka. Dada akamjibu, "Nyama ni ya leo asubuhi, shoga. Ninayenuka ni mimi." Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, na hakununua kwingine tena. Kitindamimba alifungua kibanda cha kutengeneza redio ng'ambo ya barabara, na kila mchana alivuka na kikombe chake ili wanywe pamoja.

Aliolewa tarehe 16 Septemba 2006 na shemeji yetu, mwashi, aliyekuwa akinunua robo kilo kila siku. Baadaye tuligundua kwamba hata jiko hakuwa nalo! Nyama yote ilikuwa inaliwa na mbwa wa jirani. Siku ya harusi aliomba kuonja kikombe cha bibi harusi, na ile picha mnayoijua wote, bwana harusi amekunja uso kama anang'olewa jino, ndiyo sababu yake. Mungu aliwajalia binti mmoja, mzima wa afya.

Mwezi huu homa ya mapafu ilimkamata. Dawa ilifanya kazi yake, ila homa ilizidisha sumu mwilini haraka kuliko dawa ilivyoweza kuitoa. Kabla hajachanganyikiwa alinishika mkono. "Namjua mdogo wetu. Nikiondoka ataweka kikombe chini. Usiniambie nipumzike kwa amani mbele ya watu wakati yeye hajanywa." Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024.

Ameacha mume, binti, mama yetu mzazi, mimi, na Kitindamimba.

Na Kitindamimba hajanywa tangu Alhamisi. Anasema, "Amekunywa maisha yote, imemsaidia nini?" Mdogo wangu, nakujibu mbele ya watu wote. Imemsaidia kuolewa. Imemsaidia kuzaa. Imemsaidia kukucheka kila mchana kwa miaka ishirini na sita. Jana uliniita kwa jina la marehemu baba, na leo unayumba unaposimama. Siwezi kuzika wawili, sina nguvu hizo. Vikombe vyenu vyote viwili ninavyo hapa. Chake kitupu, chako nimekoroga. Neno la mwisho la wasifu huu silisomi mpaka unywe.

Karatasi niliyosoma mazishini iliishia hapo. Yaliyofuata nawaandikia ninyi ambao hamkuweza kufika.

Shemeji alitaka kusema neno, mama akamzuia kwa mkono. Kisha Kitindamimba akaja, akabana pua, akanywa mara moja, akakigonga kikombe kwenye ubao wa jeneza. Akachukua na kile cha dada yake.

"Nimekuwa wa mwisho," akasema. "Nipisheni nikavioshe."

Haya, dada. Amekunywa. Sasa pumzika kwa amani.