Mwalimu Salome Beda, Msindikizaji wa Maofisa

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, yote katika Wilaya ya Kilosa, Mwalimu Salome Beda anastaafu rasmi tarehe 14 Novemba mwaka huu. Mkuu wa Shule ameniomba mimi, Yassin wa Hisabati, niandike wasifu huu, na amenionya nisizidishe utani. Nitajaribu.

Mwalimu Salome ni mzaliwa wa Kidete. Babu yake aliletwa huku na kazi ya reli, na baba yake, marehemu Mzee Beda, alikuwa mnyapara wa gengi la kutunza njia ya treni. Yeye alianzia kazi Lumuma, akapita Mvumi, kisha akahamia hapa Mikumi kufundisha Jiografia na michezo. Lakini kilichompa jina hadi kwa wafugaji ni jambo jingine. Kila mara jeshi linapotangaza nafasi za kusomea uofisa kule Monduli, vijana wanaotaka kuomba humfuata yeye kwanza, hata wale waliosoma shule nyingine.

Huwa habembelezi mtu. Alfajiri anawakimbiza hadi darajani na kurudi, yeye mbele, filimbi mdomoni. Niliwahi kuombwa nisaidie, nikasaidia nikiwa juu ya pikipiki. Siku moja kundi la ng'ombe liliziba njia, vijana wakasimama kusubiri lipite. Mwalimu akapenya katikati ya pembe bila kupunguza mwendo. Tangu hapo wachungaji wanampa shikamoo, hata wale ambao kiumri ni wenzake.

Barua za maombi aliwaandikisha kwa mkono mpaka mwandiko unyooke. Ditram, ambaye leo ni kapteni, alikaribia kulia kwa sababu kila mara alichora ua pembeni ya sahihi yake, na kila mara karatasi ilichanwa. Wapo pia waliokuwa wakining'inia kwenye mwamba wa goli wakiamini watarefuka kabla ya kupimwa. Hao aliwaacha. Alisema hawatarefuka, lakini angalau mikono itapata nguvu.

Walioitwa kwenye usaili aliwapeleka stendi mwenyewe, siku kadhaa kabla. Aliwanunulia mahindi ya kuchoma, akawapandisha basi la Morogoro, akasimama mpaka basi lipotelee mbugani. Treni hakutaka hata kuisikia, jambo la ajabu kwa binti wa reli. Sababu alinieleza mwenyewe, na ameniruhusu niiandike.

Mwaka 1988, akiwa ametoka JKT, Salome naye aliomba Monduli, akaitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Kulikuwa na lori la vitunguu likiondoka siku chache kabla, naye alitaka kupanda. Mzee Beda akakataa. Alisema mtoto wa reli hapandi lori, na treni haijawahi kumwangusha Beda. Masika yale Mto Mkondoa ukafurika, ukalikata tuta la reli kati ya Kidete na Kilosa. Treni ikasimama palepale Kidete, na gengi lililoitwa kulijenga tuta upya lilikuwa la Mzee Beda. Salome alikaa juu ya sanduku lake la bati akimtazama baba yake akibeba mawe kwa haraka kuliko vijana wake wote, bila kuinua macho upande aliokaa binti yake. Njia ilipofunguka, usaili ulikuwa umekwisha. Mwaka uliofuata umri ulikuwa umempita.

Hakuwahi kumlaumu baba yake, na mzee hakuligusa tena jambo lile hadi anafariki. Lakini Salome aliitamani Monduli, na hajaacha kuitamani. Kila kijana wake alipohitimu na kumwalika kwenye gwaride la kupewa kamisheni, alijibu kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Ditram alialika, hakwenda. Wengine wakaalika, hakwenda. Sote hapa ofisini tulijua kwamba mitihani haina kosa.

Masika ya mwaka jana ilikuwa zamu ya Kishiwa, binti wa Mzee Luhaga, mfugaji wa Mvumi. Kishiwa alisoma hapa bweni, na usaili wake ulikuwa Dodoma. Mvua ikaharibu barabara kuu, mabasi yakalala. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda Kilosa kupanda treni ya umeme. Mwalimu alizunguka uwanja wa shule peke yake kwa muda mrefu, kisha akaja kuniambia niwashe pikipiki. Niliwapakia mishikaki, watatu juu ya pikipiki moja, mpaka Kilosa, na naomba askari wa barabarani wasisome aya hii. Tulifika tumetapakaa tope hadi masikioni. Nilidhani atamkabidhi binti tiketi na kurudi nami. Alikata tiketi mbili.

Ananiambia kwamba walipokaribia Kidete alinyanyua kidole amwonyeshe Kishiwa mahali gengi la baba yake lilipokaa. Kabla hajasema neno, mahali pale palikuwa pameshapita. Dodoma walifika mapema. Langoni askari aliwaambia kwa heshima kwamba mwombaji aingie na mama abaki nje. Alibaki nje mpaka jioni, amesimama.

Aliporudi nilimuuliza kwa nini hakutafuta hata mgahawa akakaa.

"Yassin, mwenzio nilitaka kuingia," alisema. "Na mvi zangu hizi. Wangeliita jina langu, ningeingia."



Kishiwa alifaulu. Mwisho wa mwezi huo huo wa kustaafu kwa Mwalimu, atapewa kamisheni. Ameruhusiwa kualika wageni wachache, na Mzee Luhaga alikuja hapa na fimbo yake kutuarifu kwamba mgeni wa kwanza ni Mwalimu Salome, na hilo halina mjadala. Mwalimu alimshukuru, akasema atamjibu. Wiki zikapita, hajajibu. Mitihani ya kusahihisha safari hii hana.

Ijumaa iliyopita tulipokuwa tukifunga ofisi alinivuta kando, akahakikisha hakuna anayesikia, akaniuliza: "Hivi kwenye gwaride watu huvaaje?"

Mwalimu, jibu langu la siku ile lilikuwa la kubahatisha, maana hata mimi sijawahi kwenda. Nimeuliza wanaojua. Vaa kitenge chako cha bluu na viatu vya chini, jua la kule ni kali na gwaride ni refu. Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, asante kwa kila kijana uliyemfikisha. Tunakuombea afya, mapumziko mema na safari njema ya Monduli. Utakapofika langoni, ingia.